Mkuki, Shoka na Bembea: Safari ya Mnazi Mmoja

Kijijini kwetu Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, yupo mzee mmoja ambaye watoto humwita Mzee Gwaride. Wamempa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake. Akitoka shambani na jembe begani hutembea amenyooka kama askari, lakini mguu wa kulia huuvuta kidogo. Watoto humfuata nyuma wakihesabu: kushoto, kulia, kushoto, kulia! Wakubwa hucheka.

Mimi pia nilipokuwa mtoto nilimfuata hivyo. Nilimcheka. Sikujua aliumia wapi mguu ule, na sikuuliza.

Mwaka 2014 nilisafiri naye mpaka Dar es Salaam. Huko tulifika Mnazi Mmoja, mahali ambapo taifa liliwakumbuka mashujaa wake. Siku chache baadaye watoto walikuwa wanapanda bembea katika viwanja hivyohivyo. Haya ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

SAFARI YA TRENI

Binti yake mzee ameolewa Dar es Salaam, anakaa Buguruni. Kwa miaka mingi alimwomba baba yake aende akawaone wajukuu. Mzee alikataa. Mwaka huo alikubali, lakini kwa sharti moja: afike kabla ya tarehe 25 Julai.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Kila mwaka siku hiyo Tanzania huwakumbuka watu waliokufa wakiitetea nchi. Mwaka 2013 sherehe kubwa zilifanyika Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Huko yako makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera. Mzee alitaka sana kwenda, lakini homa ilimlaza. Mwaka 2014 sherehe zilipangwa kufanyika Dar es Salaam. Binti aliniomba nimsindikize baba yake. Nami nilikuwa na shughuli zangu huko, basi nikakubali.

Tulipanda gari kwenda Kasulu, kisha Kigoma. Kigoma tukapanda treni. Reli hii ilijengwa na Wajerumani, nayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo sisi tulisafiri juu ya reli yenye umri wa miaka 100. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiwa na mtoto mdogo, chukua blanketi. Usiku kuna baridi.

Kulipokucha tulikuwa tunaikaribia Tabora. Mzee alikaa dirishani bila kusema. Nilimwuliza:

"Mzee, umelala vizuri?"

"Nimelala," alijibu. "Natazama pori hili. Ndugu yake babu yangu aliletwa huku."

Akanieleza. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walitoka Kongo kuja kupigana na Wajerumani. Waliteka Kigoma na Ujiji. Wakaendelea mpaka Tabora, wakaiteka tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Majeshi ya siku zile hayakuwa na magari ya kutosha. Risasi, unga, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na watu kichwani. Watu hao waliitwa wapagazi. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Walikamatwa vijijini.

"Alichukuliwa shambani," mzee alisema. "Mke wake alikuwa anapika. Chakula kikaiva, mume hayupo. Hakurudi tena. Hatujui kama alifika hapa Tabora, au aliishia njiani. Hana kaburi."

Treni ikasimama. Watu waliuza asali na karanga. Mzee alinunua asali chupa moja ya wajukuu.

JINA LA KARIAKOO

Dar es Salaam tulipumzika siku moja. Siku ya pili nilimchukua mzee tukaenda Kariakoo. Nilitaka aone soko. Ni soko kubwa kweli, na mtu asiyejihadhari huibiwa huku anashangaa. Lakini mimi nilikuwa nimesoma habari ya jina la mahali pale, nikamweleza.

Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wao. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Kariakoo, kwa jinsi watu wetu walivyolitamka jina hilo. Vita vikaisha, kambi ikavunjwa, jina likabaki. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina hilohilo. Na Unguja kuna Kariakoo pia. Huko Unguja pana kiwanja cha kufurahishia watoto, chenye bembea na mashine za kuzunguka. Watoto husema, "Leo tunakwenda Kariakoo," wakiwa na maana ya kwenda kucheza.

Wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu.

Mzee alisimama katikati ya watu wanaosukumana na mikokoteni. Akaniuliza, "Hawa wote wanajua?"

Nikamwambia, nadhani wengi hawajui.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye Sanamu ya Askari, katika barabara ya Samora. Ni askari Mwafrika wa shaba, ameinama kidogo na bunduki yake, na singe ameielekeza upande wa bandari. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927. Zamani mahali hapo palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani aliyeitwa Wissmann. Ndiyo sababu wazee wa mji waliita pale Sanamu ya Bismini. Chini ya askari yapo maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawataja askari, na wapagazi pia.

Mzee aliyasoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata herufi. Magari yalipiga honi. Hakuharakisha.

Lazima niseme jambo hapa. Mzee hakusoma shule utotoni. Alijifunza kusoma baada ya vita, katika darasa la watu wazima, chini ya mwembe. Alikuwa na miaka 24.

TAREHE 25 JULAI

Mnazi Mmoja si mbali na Kariakoo. Ukivuka barabara ya Lumumba umefika. Wakati wa ukoloni Waingereza walipaacha wazi ili pautenge mtaa wa Waafrika na mtaa wa Wahindi. Baadaye watu wa TANU walifanya mikutano hapo, na Mwalimu Nyerere alihutubia. Sasa ni bustani yenye miti, majani na mnara wa Mwenge. Mimi niliutafuta huo mnazi mmoja wenyewe. Niliona miti mingi mingine.

Usiku wa kuamkia sikukuu, saa sita, Mwenge wa kumbukumbu huwashwa kwenye mnara. Huwaka usiku huo na mchana wote, na huzimwa saa sita usiku unaofuata. Sisi hatukwenda usiku. Tulifika asubuhi mapema, lakini watu walikuwa wamekwisha kutangulia. Polisi walitupanga pembeni.

Mbele walikaa wazee waliopigana vita. Walivaa makoti na kofia, na nishani zao vifuani. Wengine walikuwa wazee sana, wa Vita Kuu ya Pili. Katika vita hivyo Waingereza waliwachukua vijana wa Afrika Mashariki wakawapeleka mpaka Burma, mbali kabisa upande wa Bara Hindi.

Mzee wetu hakuwa na koti wala nishani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na binti yake. Nilimwambia, "Mzee, nenda ukawaambie polisi kwamba wewe pia ulipigana. Watakupa kiti."

Alikataa. "Sikuja kukaa kwenye kiti."

Gwaride la majeshi likaingia. Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, akafika. Wimbo wa Taifa ukapigwa. Tarumbeta ya maombolezo ikalia. Kisha mzinga ukapigwa. Mimi nilishtuka, lakini mzee alishtuka zaidi. Alinishika mkono kwa nguvu, na hakuuachia mpaka mwisho.

Kukawa kimya. Ndugu msomaji, kuunyamazisha mji wa Dar es Salaam si kazi ndogo.

Baada ya hapo ziliwekwa silaha za jadi kwenye mnara. Nitazitaja, kwa maana ndizo zilizonifanya niandike habari hii. Rais aliweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi aliweka sime, yaani kisu kirefu cha vita. Kiongozi wa mabalozi wa nchi za nje aliweka shada la maua. Meya wa jiji aliweka upinde na mishale. Mwisho, kiongozi wa chama cha askari wa zamani aliweka shoka.

Mimi nilikuwa nimetazamia bunduki. Nchi ina vifaru na ndege za vita. Lakini siku ya kuwakumbuka waliokufa, nchi hutoa vitu ambavyo babu zetu walikuwa navyo nyumbani. Mkuki, upinde, shoka. Kwa silaha kama hizo watu wa kusini waliwakabili Wajerumani katika vita vya Majimaji, kuanzia mwaka 1905 mpaka 1907. Ukienda Songea utaona jumba la makumbusho ya vita hivyo, na kila Februari watu hukusanyika huko kuwakumbuka walionyongwa.

Shoka lilipowekwa, mzee alitikisa kichwa na kutabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shoka," alisema. "Hapo wamefanya vema. Kule Uganda tulikata miti mingi kuliko tulivyopiga risasi."

Viongozi wa dini waliomba, kila mmoja kwa dini yake. Kisha wakubwa wakaondoka, na watu wakaanza kutawanyika.

ALIYOYASEMA CHINI YA MTI

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na siku ya Ijumaa. Wauza chakula walikuwa wachache. Tulikaa kivulini tukaongea, na hapo ndipo nilipopata habari ya mguu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na kuishika sehemu yote iliyo kaskazini ya mto. Waliua watu, wakaiba ng'ombe, wakavunja daraja la Kyaka. Nchi ikaamua kupigana. Jeshi halikuwa kubwa, basi mgambo wa vijijini waliitwa. Mzee wetu alikuwa na miaka 22. Alikwenda pamoja na rafiki yake wa kijiji kilekile. Walichunga mbuzi pamoja, walitahiriwa pamoja.

"Sisi wote wawili hatukujua kusoma," alisema. "Barua za nyumbani tuliandikiwa na askari mmoja wa Moshi. Yeye alitudai sigara kwa kila barua. Rafiki yangu alisema, tukirudi, kitu cha kwanza ni kwenda kusoma, maana sigara zinakwisha."

Walivuka mto, wakapita Mutukula, wakafika Masaka. Mwezi Machi 1979 kulikuwa na mapigano makali Lukaya. Huo ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, karibu na ziwa Viktoria. Pembeni ya barabara pana matope. Askari wa Libya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, walikuwako pia. Hapo ndipo mzee alipoumizwa mguu. Rafiki yake alikufa.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mzee alisikia habari hiyo redioni, akiwa hospitali.

Alirudi Nyarugusu. Akalima mahindi na maharage. Akaoa, akapata watoto. Akajiandikisha darasa la watu wazima. "Nilikwenda kwa ajili yetu wawili," alisema.

"Mama yake rafiki yangu alinijia," akaendelea. "Akaniuliza, umemwacha wapi mwanangu? Nikamwambia, serikali imemzika Kaboya. Akaniuliza, umeliona kaburi? Nikasema sikuliona. Hakuniuliza tena, mpaka akafa. Lakini kila tulipokutana kisimani alinitazama."

Nilitaka kumwomba radhi kwa ile kushoto-kulia ya utotoni. Maneno hayakutoka. Nilikwenda nikamnunulia maji, nikakumbuka mfungo, tukayaweka mfukoni tukanywea nyumbani.

SIKUKUU YA IDD

Siku chache baadaye ilikuwa Idd el Fitri. Jirani za binti yake mzee ni Waislamu. Binti na mume wake ni Wakristo. Lakini siku ya Idd watoto wote wa nyumba ile walivaa nguo mpya, na wote walitaka kitu kimoja: kupelekwa Mnazi Mmoja. Tukaenda, watu wazima watatu na watoto saba.

Sikupatambua mahali. Pale tulipokaa kimya siku ya Ijumaa sasa palijaa kelele. Kulikuwa na bembea, na viti vya kuzunguka vilivyosukumwa kwa mikono na vijana wenye nguvu. Kulikuwa na maputo, askrimu, bisi, na miwani ya plastiki. Wasichana walikuwa wamepakwa hina mikononi. Mtoto mmoja alipotea, akapatikana, akapigwa kofi, akanunuliwa askrimu.

Nitasema kweli. Mimi sikupenda. Niliutazama mnara. Nikafikiri juu ya shoka na ule mzinga. Nikamwambia mzee, "Hapa pangefungwa. Si mahali pa mchezo."

Mzee alikuwa anamtazama mjukuu wake mdogo, mvulana wa miaka sita, akienda juu na kurudi chini kwenye bembea.

"Pangefungwa, halafu nani angekuja?" aliniuliza. "Nyasi?"

Mvulana alishuka. Siku ile ya Ijumaa alikuwa ameona sherehe kwenye televisheni ya jirani. Aliokota kijiti, akakiweka begani, akatembea mbele yetu huku amekaza shingo.

"Shikamoo babu! Mimi askari!"

"Marahaba. Askari gani unainamisha kichwa? Mguu sawa!"

Mtoto hakujua maana ya mguu sawa. Mzee akasimama. Akaweka visigino pamoja, mikono ubavuni, kifua mbele. Mguu mbovu ulitetemeka, lakini alikaa hivyo. Watoto wengine wakaja kutazama, wakajipanga. Wakawa kumi, kisha ishirini. Wengine walikuwa na askrimu zinazowachuruzika mikononi. Mzee akawaambia, kushoto geuka! Nusu yao wakageuka kulia.

Msichana mmoja mwenye gauni la manjano alimwuliza, "Babu, mbona unachechemea?"

Mimi niliogopa swali hilo. Katika miaka yote, kijiji kizima hakikumwuliza. Lakini mzee alijibu kama mtu aliyekuwa analingoja. Alichora chini kwa kijiti cha mjukuu wake. Huu mto Kagera. Hapa daraja. Hii barabara, haya matope. Sisi tulikuwa hapa, wao pale. Watoto walichuchumaa kuzunguka mchoro. Alipofika kwa rafiki yake alimtaja jina. Msichana akauliza, "Sasa yeye yuko wapi?"

"Yuko Kaboya," mzee alisema.

"Umekwenda kumwona?"

Mzee alikaa kimya. Kengele ya muuza askrimu ikalia, na watoto wakatawanyika wote kwa mara moja, kama kuku waliotupiwa mtama.

Katika daladala ya kurudi Buguruni aliniuliza nauli ya kutoka kwetu mpaka Muleba. Nikamwambia Muleba si mbali kama Dar es Salaam. Kutoka Nyarugusu unashika barabara ya Kibondo, unapita Kakonko na Nyakanazi, kisha Biharamulo, halafu Muleba. Akahesabu kwa vidole.

"Miaka 35," alisema. "Na nimekuja kwanza huku kwenye mbali."

Tangu wakati huo sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zimefanyika mahali mbalimbali. Mwaka 2016 zilikuwa Dodoma, na mwaka 2023 zilikuwa Mtwara. Kaboya iko palepale.

Mzee alikwenda mwezi Septemba mwaka huohuo, baada ya kuuza maharage. Alikwenda peke yake. Aliporudi nilikwenda kumwamkia. Nilimkuta anapukuchua mahindi, na watoto watatu wa jirani wamekaa karibu naye, wananyamaza. Nikamwuliza kama amelipata kaburi.

"Nimelipata," alisema. "Jina lake limeandikwa. Nililisoma mwenyewe."